Bati Halipumui

Nyumba ya nyasi haikuwa na dohani kwa sababu paa lake zima lilikuwa dohani. Moshi ulipanda kutoka kwenye mafiga matatu, ukatanda chini ya kenchi, kisha ukajipenyeza polepole katikati ya nyasi hadi nje. Alfajiri ungeona paa lote likifuka bila kuona tundu hata moja. Mgeni asiyejua angedhani nyumba inaungua.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya bomba la moshi huandikwa kana kwamba kabla ya bomba hapakuwa na kitu: akina mama walipiga magoti gizani, wakakohoa, wakasubiri mtaalamu aje. Nimeisoma hadithi hiyo katika vipeperushi vya miradi mingi mno. Haielezi jambo dogo linalonisumbua kila niendapo Liparamba, kwamba watu wanaojua kuuongoza moshi kwa ustadi mkubwa kwenye tumbaku na samaki wamechelewa sana kuutoboa ukuta wa jiko lao ili utoke. Sidhani kwamba hawakujua. Nadhani waliuhitaji moshi, na bomba lilikuja kuufukuza bila kuuliza nani angezifanya kazi zake.

Liparamba iko chini, mahali milima ya Umatengo inapomalizikia na kabla Msumbiji haijaanza. Leo ni sehemu ya wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, na nje ya mkoa jina lake linajulikana zaidi kwa Pori la Akiba kuliko kwa watu wake. Magharibi kuna ziwa na samaki wake, juu kuna baridi na kahawa. Hapa chini kuna joto, miti ya miombo, mahindi na mihogo, na mvua moja ndefu inayoanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mvua hiyo tuikumbuke, tutaihitaji tukifika kwenye bati.

Kazi za moshi, basi. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa mianzi, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu, maharage, nyama iliyobaki, samaki aliyetoka ziwani. Moto ulikausha, na moshi ukawafukuza fukusi. Moshi huohuo uliacha utando mweusi wa masizi na lami kwenye nyasi na miti ya paa, na utando huo ulizuia mchwa na kuchelewesha kuoza. Nyumba iliyohamwa, ambayo moto wake umezimika, paa lake huchakaa haraka kuliko la jirani anayepika kila siku. Usiku moto ulipasha joto na kupunguza mbu. Gharama yake ilikuwa macho mekundu, kifua, na mtoto anayetambaa karibu na makaa. Sisemi palikuwa peponi. Nasema palikuwa na hesabu, yenye faida upande mmja na hasara upande wa pili, na mwenye kuipiga alikuwa mwenye jiko.

Ufundi huo haukuishia jikoni. Mwaka 1936 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichofahamika kwa kifupi kama NGOMAT, na zao lake kubwa lilikuwa tumbaku. Tumbaku ya Songea ni tumbaku ya moshi: majani huning'inizwa ndani ya bani, kuni huwashwa sakafuni, na kazi nzima ya mkulima ni kuuzuia moshi usitoke kabla haujamaliza kazi. Moto ukizidi, majani huungua na pengine bani pia. Ukipungua, jani huvunda. Mkulima hujifunza kuziba hapa na kuachia pale, kuchagua kuni mbichi au kavu, kusoma rangi ya moshi unaovuja kwenye paa. Ukishuka ufukweni Nyasa utakuta elimu hiyohiyo kwa akina mama wanaobanika mbasa na kambale. Usipa huanikwa juani, lakini mvua ikishika na jua likigoma, hata usipa huomba msaada wa moshi.

Bomba la chuma la kutolea moshi nalo halikuwa geni. Liliingia kwa njia ya maji. Oktoba 1875 ofisa wa wanamaji wa Uingereza, E. D. Young, aliingiza Ilala ziwani, meli ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Nyasa, ikiwa imebebwa vipandevipande kupita maporomoko ya mto Shire. Baada yake zilikuja nyingine. Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana ilishushwa majini mwaka 1901, na boila lake lilikuwa zito kiasi kwamba liliburutwa nchi kavu na Wangoni wa upande wa pili wa ziwa, wapatao 450. Ilikula kuni. Kwa hiyo watu wa mwambao waliiona mashine inayokula kuni zilezile walizokula mafiga yao, lakini moshi wake ukitokea juu kabisa, mbali na pua za waliomo.

Dohani ya meli ina siri moja ambayo fundi yeyote wa jiko anaihitaji. Bomba la moto halipiti moja kwa moja kwenye sitaha. Hupita ndani ya ganda pana zaidi, na kati ya bomba na ganda kuna nafasi ya hewa. Tunachokiona kwa mbali kikiwa kimepakwa rangi ni ganda. Bomba lenyewe limejificha ndani. Hewa hiyo ndiyo inayofanya mbao na rangi zisiungue. Miaka mia moja na ishirini baadaye, kanuni hiyohiyo inaamua kama jiko la Liparamba litaungua au la.

Misheni zilileta dohani za nchi kavu. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, ikachomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya kwa karakana na matofali. Nyumba ya mapadre ilikuwa na jiko lake, na karakana ilikuwa na tanuru la mhunzi. Vijana waliofundishwa useremala na uashi huko walijua kujenga dohani. Waliporudi nyumbani kujenga nyumba zao, hawakujenga dohani. Sioni ushamba hapo. Dohani ya matofali ni gharama, na chini ya paa la nyasi huwa ni hatari kuliko moshi wenyewe: hutema cheche juu ya nyasi kavu, wakati moto wa mafiga huzitema chini ya paa lililojaa unyevu wa mvuke na masizi. Tena ingewanyima uchaga kazi yake. Ukipiga hesabu ile, mafundi hao walifikiri sawasawa.

Kilichovuruga hesabu ni bati.

Bati lenye mawimbi lilisajiliwa London mwaka 1829 na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari aliyegundua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mikunjo hupata nguvu ya kusimama yenyewe. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kulifunika chuma kwa zinki lisishike kutu. Vitu viwili hivyo vilipokutana, paa likawa mzigo unaoweza kupakiwa melini na kupigiliwa misumari popote duniani, kuanzia migodi ya dhahabu ya Australia hadi kambi ya reli iliyozaa Nairobi. Kwetu, kwa muda mrefu lilikuwa paa la serikali, la dukani na la kanisani. Halafu Wamatengo wa milimani wakaanza kulima kahawa katika miaka ya 1920, na kahawa ikilipa, mtu anaezeka. Mwaka 1960 kiwanda cha ALAF kilianzishwa Dar es Salaam. Mwishoni mwa 1973 ikaamuliwa kwamba hadi kufika 1976 wananchi wote wawe wamehamia vijijini, na nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, mahali jirani na mwenyekiti wanaliona paa lako. Tangu hapo bati si paa tu. Ni cheti. Mtu huuliza kijana amefanya nini tangu aende mjini, na jibu hutolewa kwa idadi ya bando.

Lakini bati halipumui. Moshi uliozoea kupenya ukagonga zinki ukarudi chini. Masizi, yaliyokuwa dawa ya nyasi, yakawa uchafu unaodondoka kwenye kitanda, na kukicha mvuke uliogandia kwenye bati ulidondoka mweusi kwenye shuka. Nyumba nzuri ikawa haipikiki. Suluhisho halikuwa kutoboa paa jipya! Hakuna aliyeuza kahawa ya miaka minne ili apige tundu kwenye bati lake. Suluhisho lilikuwa kulitoa jiko nje.

Jiko la nje lina historia ndefu sehemu nyingi, na joto la Liparamba peke yake lingetosha kulieleza. Ila bati liligeuza uamuzi wa msimu kuwa wa kudumu, na lilibadilisha mgawanyo wa nyumba. Sebule ilipata simenti, mlango wa mbao na picha ukutani. Jiko lilibaki na nyasi, na mwenye jiko alibaki nalo. Kisha likaja zamu ya pili ya bati. Nyumba kubwa inapoezekwa upya, siku hizi kwa bati la rangi liitwalo msauzi, mabati ya zamani yenye kutu hayatupwi. Huzungushwa kuwa kuta za jiko. Paa lililokuwa fahari ya babu ndilo sasa ukuta anaopikia bibi, likiwa na matundu ya misumari ya miaka ya sabini ambayo ndiyo madirisha pekee. Nyasi juu zimekuwa adimu na ngumu kupata kuliko zamani, kwa hiyo nalo paa la jiko huishia kuwa bati. Hapo ndipo pamebaya. Moshi hauna nyasi za kupenya, na jiko halina madirisha ya nyumba kubwa. Ni kopo.

Wakati hayo yakitokea vijijini, duniani kulikuwa na historia nyingine ya majiko, na inashangaza jinsi zilivyopishana. India mwaka 1953 mhandisi S. P. Raju wa Hyderabad alichapisha kijitabu kilichotaka jiko lisilo na moshi kwa mamilioni ya watu. Jiko lake lilikuwa la udongo, lenye dohani, na shabaha yake ilikuwa macho na mapafu ya mpishi. Miaka ishirini baadaye shabaha ilihama. Mwaka 1975 Erik Eckholm aliandika kuhusu kuni kama shida ya pili ya nishati, baada ya ile ya mafuta, na wafadhili wakaanza kuhesabu miti. Jiko la udongo na mchanga la Lorena, lililobuniwa Guatemala baada ya tetemeko la 1976, lilisambazwa kwa ahadi ya kuokoa kuni. Lilikuwa na dohani. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mara nyingi halikuokoa kuni kuliko moto wa wazi uliotunzwa vizuri, kwani udongo mwingi hunywa joto na dohani huvuta lililobaki. Mtu anayehesabu miti akaiona dohani kama mwizi. Majiko yaliyofuata kwetu Afrika Mashariki, likiwemo lile maarufu la kauri la Kenya la miaka ya 1980, yalikuwa ya mkaa, ya mjini, yasiyo na bomba.

Kwa hiyo bomba liliondolewa kwenye mazungumzo na watu waliokuwa wanapima kitu kingine. Liliporudi, lilirudi kwa mlango wa hospitali. Nchini Guatemala, timu ya Kirk Smith iligawa kwa bahati nasibu majiko yenye dohani kwa familia za milimani na kufuatilia watoto wachanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba dohani ilipunguza kwa nusu hewa ya sumu waliyoivuta watoto. Nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika, lakini ile kali ilipungua kwa karibu theluthi. Nchi jirani ya Malawi, ikiwemo Karonga, kwenye ziwa letu hilihili, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 ulijaribu majiko ya feni yasiyo na dohani. Haukuona tofauti yoyote katika nimonia. Mimi si mganga, na tafiti mbili hazilingani kwa kila kitu. Ila nikizisoma pamoja nashindwa kuelewa kwa nini bomba linatajwa kidogo hivyo siku hizi.

Maana siku hizi neno ni gesi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, hivyo hakuna anayeweza kuupuuza mkakati huo. Lakini mtungi ukiisha Liparamba, wa kujaza hauko dukani kwa jirani. Kuna safari, kuna nauli, kuna barabara ya masika. Nimeona mitungi midogo iliyotolewa kwa hafla ikiwa imesimama safi kabatini, kando ya vikombe vya wageni. Kati ya mafiga ya leo na gesi ya 2034 kuna milo elfu kadhaa itakayopikwa kwa kuni ndani ya kuta za bati. Swali la bomba ni swali la milo hiyo.

Mwaka jana mama yangu mkubwa aliamua kutoboa. Alikuwa amejengewa jiko banifu la matofali lenye sehemu mbili za sufuria, na fundi aliitwa alete bomba. Nilikaa siku nzima nikiwaangalia, nikiwa na daftari langu la utafiti, mpaka fundi akanipa kazi ya kushika tochi.

Hoja ya kwanza ilikuwa wapi. Bomba linalopanda moja kwa moja kupitia paani huvuta vizuri kuliko yote, kwa sababu moshi wa moto hupenda kupanda na bomba hubaki na joto. Lakini tundu la paani ni mlango wa mvua, na kiraka cha lami au silikoni hupasuka kwa joto. Fundi alitaka paani. Mama mkubwa alitaka ukutani. "Fundi, Januari utakuwa wapi?" alimuuliza. Fundi akacheka, akaenda ukutani.

Ukutani kuna masharti yake. Kwanza, jikoni kinachoungua si bati bali kile kilicholishikilia. Nyuma ya bati kulikuwa na nguzo za miti na fito za mianzi, na bomba la ngozi moja linahitaji karibu nusu mita ya nafasi kutoka kwenye mti mkavu. Wakachagua katikati ya nguzo mbili, wakakata fito moja na kuifungia nyingine juu zaidi. Pili, tundu lilikatwa kwa tindo na mkasi wa bati likiwa pana kuliko bomba, na ndani yake likawekwa ganda, kipande cha bomba kipana zaidi, ili hewa ipite kati yao. Nikamweleza fundi habari za sitaha za meli. Akasema kwa hiyo wale Wazungu walimwiga. Tatu, mawimbi ya bati: kola bapa haikai juu ya mawimbi, mvua hupita kwenye mabonde. Aligongagonga mawimbi yaliyozunguka tundu yakawa bapa, akachomeka ukingo wa juu wa kola chini ya bati la juu na kuuacha wa chini ukiwa nje, maji yateremke kama kwenye vigae.

Kipande kinacholala ndani kilifanywa kifupi, kikiinuka kidogo kuelekea nje. Nje kulikuwa na kiungo cha njia tatu chenye kifuniko chini cha kutolea masizi, kisha bomba likapanda hadi kupita paa, na kofia juu. Sehemu iliyo karibu na moto ilikuwa chuma cheusi, kwani zinki ya bati ikipata joto kali hubanduka na moshi wake si wa kuvuta. Bomba la nje lina kasoro yake: hupoa, na moshi ukipoa huacha lami ndani. Bila kusafishwa huziba ndani ya masika moja. Kifuniko kile cha chini ndicho nilichokiangalia zaidi.

Na uchaga? Mambo yamebadilika huko juu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni kutoka Amerika, dumuzi, alitambuliwa Tabora na kuenea nchini. Wakulima wakampa jina la Scania, la malori. Dumuzi alishinda moshi. Mbegu ikahamia kwenye dawa ya unga, na miaka ya karibuni kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Paa la nyasi limekwenda, mbu wana neti. Kazi za moshi zimechukuliwa moja baada ya nyingine na wengine, na hili ndilo naliona kuwa limefungua ukuta wa mama mkubwa, zaidi ya semina yoyote.

Isipokuwa kazi moja. Fundi alipomaliza kufunga, mama mkubwa alitazama bomba jeusi lililokatisha kuelekea ukutani, akainua mkono akapima joto lake kwa mbali. Akasema bomba haliwezi kumpita hivihivi na joto lote hilo likatupwe nje. Samaki wake watakauka na nini? Fundi akamwambia uchaga wa mianzi juu ya bomba ni kutafuta moto. Wakabishana hadi chai. Mwishowe walikubaliana: bomba lisiongezwe urefu, uchaga wa zamani ung'olewe, na mahali pake viwekwe vyuma viwili vya baiskeli chakavu na wavu wa waya, nusu mita juu, bila kipande cha mti.

Nilipoondoka, wavu ulikuwa na mbasa wanne. Hawakuwa na rangi ile ya dhahabu ya moshi, na jirani aliyekuja kuwaonja alisema wana ladha ya samaki wa hotelini.